Kiungo cha Bomba la Gesi Kinapovuja: Kutambua Chanzo Kabla ya Kushika Spana

Fundi anapoona mapovu kwenye kiungo cha bomba la gesi, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili: hukikaza zaidi, au hukifungua na kukizungushia tefloni, yaani utepe wa kuzibia, nyingi kuliko ile ya awali. Njia zote mbili zinaweza kuyaondoa mapovu kwa muda bila kugusa chanzo chake, na mvujo ukarudi wakati hakuna mtu anayeuangalia. Mwongozo huu unawahusu mafundi wa Goma wanaovuta bomba la chuma kutoka kwenye chupa ya gesi iliyowekwa nje hadi jikoni, katika nyumba, mikahawa na hoteli, pamoja na wenye nyumba wanaotaka kuielewa kazi wanayoilipia. Kila sehemu inaanza na dalili inayoonekana, kisha inaifuata hadi kwenye sababu yake.

Kizibio kinafanya nini

Hesi za bomba la gesi, yaani mifereji ya kuzungushia kama ya skrubu, hukatwa kwa mchongoko wa 1 kwa 16, yaani katika kila milimita 16 za urefu kipenyo hupungua kwa milimita 1. Bomba linapozidi kuingia ndani ya fitingi, yaani kipande kinachounganisha mabomba, chuma hubanwa dhidi ya chuma, na mbano huo ndio unaokishikilia kiungo. Hata hivyo, kati ya ncha za hesi za nje na mabonde ya hesi za ndani hubaki njia nyembamba inayozunguka kiungo kizima kutoka ndani hadi nje, na gesi huifuata njia hiyo bila shida. Kazi ya kizibio, kiwe ni utepe wa tefloni, pasti au gundi, ni kuijaza njia hiyo na kulainisha hesi ili ziingie kwa kina cha kutosha bila kukwaruzana. Kizibio hakibebi mzigo, hakizibi ufa, wala hakirekebishi hesi zilizokatwa vibaya. Fundi akiishika kanuni hii, nusu ya utambuzi wa tatizo imekwisha kufanyika, kwa sababu kila mvujo utamwelekeza kwenye mojawapo ya maswali mawili: je, chuma kilibanwa inavyotakiwa, na je, njia ile ya mzunguko ilijazwa yote?

Kabla ya kutafuta mvujo

Funga chupa, fungua milango na madirisha, ondoa mbabula yenye makaa na uzime kila moto ulio karibu, kisha usiwashe wala usizime taa ya umeme mpaka harufu iishe. Gesi ya chupa, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa: propani huizidi hewa kwa takribani mara moja na nusu, na butani kwa takribani mara mbili. Wakazi wa Goma wanaijua tabia hii kupitia mazuku wa upande wa Bulengo, ambako kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini hutuama mabondeni na kuua mifugo na hata watu. Gesi ya kupikia hutuama vivyo hivyo chini ya meza, kwenye shimo la maji machafu na kwenye vyumba vya chini, na huweza kuwaka inapofikia takribani asilimia 2 tu ya hewa. Kwa sababu hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Mlango uachwe wazi hadi chini.

Mvujo hutafutwa kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Paka maji hayo kuzunguka kiungo chote, pamoja na upande wa nyuma ulioelekea ukutani, halafu subiri dakika moja au mbili, kwa maana mvujo mdogo hautoi mapovu makubwa ya ghafla, bali povu dogo jeupe linalokua polepole. Ukimaliza, osha kiungo kwa maji safi na ukikaushe, kwa kuwa baadhi ya sabuni huila shaba ya njano taratibu.

Mapovu yanatoka ukingoni mwa kiungo kipya

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na sababu zake ni nyingi kiasi kwamba haifai kubahatisha. Funga gesi, ifungue fitingi yote, na uzichunguze hesi kabla ya kuzisafisha, kwa kuwa hali ya kizibio cha zamani ndiyo itakayokueleza kosa lilikuwa wapi.

Ukikuta utepe umesukumwa nyuma na kurundikana kwenye ukingo wa kiungo, huku hesi za mbele zikiwa tupu, ulizungushwa kinyume. Utepe huzungushwa kwa mwelekeo wa mshale wa saa, fundi akiwa ameitazama ncha ya bomba, ili fitingi inapokazwa iendelee kuuvuta utepe na kuushindilia. Ukizungushwa upande mwingine, fitingi huufungua, na hakuna wingi wa tefloni utakaolifidia kosa hilo.

Ukikuta utepe umechanika vipandevipande na chuma kinaonekana kila mahali, inawezekana ulitumia utepe mwembamba mweupe wa maji. Utepe wa gesi, ambao kwa kawaida huuzwa kwenye kigurudumu cha njano, ni mnene na mzito zaidi, na huvumilia ncha za hesi. Katika kenkayeri nyingi, yaani maduka ya vifaa vya ujenzi, za mtaa wa Birere aina hizi mbili huwekwa kwenye sanduku moja, na tofauti ya bei humvuta mnunuzi kuelekea ule mweupe. Soma maandishi yaliyo kwenye kigurudumu: kiwango cha Ulaya kinachohusu vizibio vya hesi za gesi ni EN 751, na sehemu yake ya tatu ndiyo inayohusu utepe wa tefloni, sehemu ya kwanza inahusu gundi zinazoganda pasipo hewa, na ya pili pasti zisizoganda. Kigurudumu kisicho na maandishi yoyote, mimi nisingekiweka kwenye bomba la gesi hata nikipewa bure.

Ukikuta pasti imechanganyika na mafuta meusi na chembe za chuma, kiungo hakikusafishwa baada ya hesi kukatwa. Mafuta ya kukatia huizuia pasti kushika, na huizuia zaidi gundi inayoganda pasipo hewa, ambayo inahitaji kugusa chuma kitupu. Hesi mpya zipigwe brashi ya waya, zifutwe kwa kitambaa kikavu, na ncha kali zilizobaki mdomoni mwa bomba ziondolewe kwa tupa, ndani na nje.

Ukikuta kizibio kimekaa vizuri katika mzunguko wote isipokuwa mstari mmoja uliovutwa nyuma, hapo fundi aliikaza fitingi, akaona kiwiko, yaani fitingi iliyopinda, hakielekei anakotaka, akairudisha nyuma kidogo. Kosa hili hufanywa hata na mafundi wazoefu, kwa sababu harakati yenyewe ni ndogo na kiungo huendelea kuonekana imara. Utepe ulioshindiliwa haurudi kwenye nafasi yake. Ukirudisha fitingi nyuma hata kwa robo ya mzunguko, umeifungua tena ile njia ya gesi. Kiwiko kisichofika mahali pake kisogezwe mbele hadi kifike, na ikiwa hilo litamaanisha kukikaza kupita kiasi, kiungo kifunguliwe, hesi zisafishwe, na kizibio kipakwe upya. Zipo pasti ambazo watengenezaji wake huruhusu marekebisho madogo, na maelezo ya kopo ndiyo yafuatwe. Lililo bora ni kukifunga kiwiko bila kizibio kwanza, kukihesabia mizunguko, na kujua mapema kitaishia kikielekea wapi.

Mwishowe, ukikuta kila kitu ni safi lakini alama za mbano ni chache, kiungo hakikukazwa kwa kina cha kutosha. Kwa bomba la nusu inchi, lile linaloandikwa 15/21, fitingi huingizwa kwa mkono hadi igome, kisha huongezwa takribani mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kwa spana, na hesi mbili au tatu hubaki nje. Ikigoma mkononi baada ya hesi mbili tu, au ikimeza hesi zote bila kugoma, acha kukaza na usome sehemu inayofuata.

Namna ya kukipaka kizibio upya, baada ya haya yote, haichukui muda mrefu. Safisha hesi zote mbili hadi chuma kionekane. Acha hesi ya kwanza ya bomba ikiwa tupu, kisha zungusha utepe wa gesi mara mbili au tatu, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia, huku ukiuvuta kiasi cha kuyaonyesha maumbo ya hesi. Ukitumia pasti, ipake kwenye hesi za nje pekee, ukiijaza mabondeni pande zote, na uiache vilevile hesi ya kwanza. Usipake pasti ndani ya fitingi, kwa kuwa bomba litaisukuma mbele na kuiingiza kwenye njia ya gesi. Spana mbili ni za lazima: moja hushikilia bomba na nyingine hukaza fitingi, la sivyo nguvu yako itakwenda kukilegeza kiungo cha nyuma ambacho kilikuwa kizima.

Fitingi inaingia kirahisi mno, au inagoma mapema

Bidhaa zinazofika Goma hutoka katika nchi nyingi, na hesi zake hazifanani zote. Mfumo uliozoeleka katika nchi zilizofuata viwango vya Ulaya una hesi za pembe ya nyuzi 55, ilhali mfumo wa Marekani una pembe ya nyuzi 60. Tatizo ni kwamba katika nusu inchi na robo tatu ya inchi mifumo yote miwili ina hesi 14 kwa kila inchi, na kwa hiyo fitingi ya mfumo mmoja hukubali kuingia kwenye bomba la mfumo mwingine, ikamfanya fundi aamini kwamba zinalingana. Kipenyo cha nje cha hesi za nusu inchi ni milimita 20.96 katika mfumo wa Ulaya na milimita 21.34 katika ule wa Marekani. Bomba la Marekani litagoma mapema ndani ya fitingi ya Ulaya, na bomba la Ulaya litacheza ndani ya fitingi ya Marekani. Katika hali zote mbili pembe hazikutani na njia ya gesi hubaki pana. Katika inchi moja tofauti hujitokeza waziwazi, kwa kuwa hesi ni 11 dhidi ya 11 na nusu, na fitingi hukwama baada ya mizunguko michache.

Jambo la pili la kuangalia ni kama hesi za nje zimechongoka kweli. Hesi za nje zilizonyooka, zenye kipenyo kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho, hazikuundwa ili zizibwe kwa tefloni. Huzibwa kwa gasketi, yaani pete laini inayobanwa kwenye uso bapa. Weka rula kando ya hesi na utazame kwenye mwanga: mchongoko huonekana. Bomba lililochongoka likiingia kwenye fitingi yenye hesi za ndani zilizonyooka hukubalika, lakini kinyume chake hakikubaliki. Fitingi isiyolingana irudishwe dukani, na fundi asikubali kuishindilia tefloni ili kumwokolea mteja gharama ya kiwiko kimoja.

Kiungo kilikuwa kizima, kikaanza kuvuja baada ya miezi

Hapa chanzo cha kwanza cha kushuku ni filasi, yaani nyuzi za katani ambazo mafundi wetu wamezitumia kwenye mabomba ya maji kwa miaka mingi na kwa mafanikio. Katani hufanya kazi vizuri kwenye maji kwa sababu inapoloa huvimba na kuziba. Gesi ya chupa ni kavu. Haiivimbishi katani, bali huiacha ikauke, na katani iliyokauka husinyaa. Miji ya Ulaya ilikutana na tatizo hili pale gesi ya zamani iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe, ambayo ilikuwa na unyevu, ilipobadilishwa na gesi asilia iliyo kavu, na viungo vilivyozibwa kwa nyuzi vikaanza kuvuja. Kuna nchi zinazoruhusu katani ikiwa imelowekwa katika pasti maalumu ya gesi, lakini katani tupu, au iliyopakwa rangi ya mafuta kama tunavyoona mara nyingi, haina nafasi kwenye bomba la gesi. Ukiikuta, usishughulike na kiungo kimoja tu: fundi aliyeiweka pale aliiweka na kwingine.

Chanzo cha pili ni mwendo. Goma imejengwa juu ya lava, karibu na volkano mbili zilizo hai. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi iliendelea kutetemeka kwa siku kadhaa, na kuta nyingi zikapasuka hapa na Gisenyi. Bomba la chuma lililozikwa ndani ya saruji haliwezi kusogea pamoja na ukuta. Hupindwa, na sehemu inayopindwa kwanza ni mwanzo wa hesi, mahali chuma kilipopunguzwa unene. Bomba linalovuka ukuta lipitishwe ndani ya ala, yaani kipande cha bomba kubwa zaidi, na viungo vyote vibaki nje ya ukuta ambapo vinaonekana na vinafikiwa na brashi ya sabuni. Kila baada ya tetemeko linalosikika vizuri, viungo vyote vipakwe maji ya sabuni kabla jiko halijawashwa. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na sioni sababu yoyote ya kuiahirisha.

Bomba lisiloshikiliwa ukutani, ambalo watu hulitundikia sufuria au kulisukuma kila wanapobadilisha chupa, hufikia mwisho uleule polepole zaidi.

Mapovu yanatoka kwenye mwili wa fitingi

Ikiwa povu halitoki ukingoni bali katikati ya kiwiko au kwenye shavu la valvu, kizibio hakina kosa lolote. Ama fitingi ina vitundu vidogo tangu kiwandani, ama imepasuka kwa kukazwa kupita kiasi. Tefloni huchangia kosa hili la pili, kwa sababu ni telezi mno: mkono hauhisi ukinzani wa kawaida, fundi huendelea kukaza, na mchongoko wa bomba huipanua fitingi hadi ikaachia. Shaba ya njano na aluminiamu hupasuka mapema kuliko chuma, na hasa mdomo wa kidhibiti shinikizo, kile ambacho wengi hukiita detanderi. Fitingi iliyopasuka hubadilishwa. Haipakwi gundi wala haipigwi bati.

Moto wa jiko umefifia baada ya kazi ya bomba

Moto uliokuwa wa buluu ukiwa dhaifu, au jiko moja likikataa kabisa huku mengine yakiwaka, tafuta kipande cha tefloni au tone la pasti kwenye jikleri, yaani tundu dogo linalopitishia gesi chini ya jiko. Tundu hilo halifiki hata milimita moja katika majiko mengi ya nyumbani. Hii ndiyo sababu ya kuiacha hesi ya kwanza ikiwa tupu. Safisha jikleri kwa hewa, kamwe si kwa sindano, kwa kuwa sindano hulipanua tundu na kubadilisha kiasi cha gesi. Hatari kubwa zaidi ni kipande hicho kukwama kwenye kidhibiti shinikizo au kwenye valvu ya usalama na kuizuia isifunge. Bomba lilipofunguliwa kwa matengenezo, lipulizwe hewa kabla ya kuunganishwa tena na jiko.

Kiungo kinavuja ingawa tefloni ni nyingi

Tazama kwanza kama ni kiungo kinachohitaji kizibio. Yunioni, yaani kiungo kinachofunguliwa katikati bila kuzungusha bomba, huziba kwa nyuso zake mbili za chuma, nati ya bomba la shaba lenye mdomo uliopanuliwa huziba kwa mdomo huo, na nati ya chupa huziba kwa mpira au kwa uso wake, kulingana na aina. Katika viungo hivi hesi hufanya kazi ya kuvuta tu, na gesi haizifikii kama uso umekaa sawa. Tefloni hapa huzuia nyuso zisikutane, na kwa hiyo huwa ndiyo chanzo cha mvujo. Iondoe yote, safisha nyuso, badilisha mpira uliokakamaa, kisha kaza.

Manometa inashuka lakini mapovu hayaonekani

Jaribio la mwisho la bomba jipya hufanywa kwa hewa, jiko na chupa vikiwa vimetengwa, kwa manometa ya maji, yaani mrija wa umbo la U unaopima shinikizo kwa tofauti ya kimo cha maji, ambayo sentimita 1 ya tofauti ni sawa na takribani milibari 1. Kamwe usitumie oksijeni ya wachomeleaji kujaribia bomba: oksijeni ikikutana na mafuta ya kukatia hesi inaweza kulipuka. Majiko ya nyumbani hufanya kazi kwa takribani milibari 30, kwa hiyo maji husimama kwa tofauti ya takribani sentimita 30.

Yakianza kushuka, angalia joto kabla ya kulaumu viungo. Goma iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni takribani milibari 850. Ukijumlisha 30 za jaribio, hewa iliyofungwa ndani ya bomba ina jumla ya milibari 880. Joto la bomba likishuka kwa nyuzi 1 tu, kanieneo hiyo hupungua kwa takribani milibari 3, na maji hushuka sentimita 3 bila mvujo wowote. Bomba lililopita kwenye ukuta wa mawe meusi unaopigwa na jua, kisha wingu la alasiri likaja kutoka ziwani, litamwonyesha fundi mvujo usiokuwepo. Kinyume chake ni cha hatari zaidi: jua likichomoza wakati wa jaribio, joto huinua maji na kuuficha mvujo wa kweli. Fanya jaribio wakati bomba liko kivulini, acha hewa itulie kwa robo saa, ndipo uanze kuhesabu.

Joto likiwa halijabadilika na maji yanaendelea kushuka, paka sabuni kwenye mpira wa manometa yenyewe na maungio yake, kisha kwenye shina la kila valvu. Baada ya hapo, ligawe bomba kwa kufunga valvu za katikati, ujaribu kipande kimoja kimoja, na upande unaoshuka utakuwa umepunguza idadi ya viungo vya kufungua.